Wati 22 Mbele ya Drams na Tumba: Uchambuzi wa Kisa cha Ampli ya Vali Katika Bendi ya Dansi

## Usuli

Kisa hiki kinamhusu mpiga gita la solo wa bendi ya dansi katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Jina lake, la bendi, la ukumbi na la fundi aliyemsaidia yameondolewa. Vipimo vya umeme na mipangilio ya nobu vimeachwa kama vilivyokuwa kwenye daftari la fundi.

Bendi ni ya watu tisa: solo, rizimu, besi, drams, tumba, tarumbeta, saksafoni na waimbaji wawili. Mpiga solo naye hupokea viitikio kwenye maiki. Mwisho wa wiki hupiga kwenye baa ya bustani yenye jukwaa la makuti, na katikati ya wiki hufuata harusi, mara ukumbini, mara uwanjani.

Gita lake lina pikapu za koili moja, na mbele ya ampli ana pedali mbili tu, kompresa (hupunguza tofauti ya noti za nguvu na za taratibu) na diley (huirudia noti baada ya muda mfupi). Ampli yake ya zamani ilikuwa ya transista, wati 100, iliyokwisha kufunguliwa mara nyingi hadi hatua ya mwisho ikafa kabisa. Alipoamua kununua nyingine alitaka ya vali, yaani zile chupa za kioo zinazowaka wekundu ndani, kwa sababu alipenda jinsi noti inavyoanza laini na kuitikia uzito wa kidole.

Muziki wenyewe lazima uwekwe mezani mapema, maana ndio unaoamua kila kitu. Katika dansi, solo na rizimu husukana: moja ikipanda nyingine inajibu katikati ya mapigo. Wasikilizaji waliolelewa na magita ya Morogoro Jazz au Western Jazz hutaka kila noti isimame peke yake. Kupasuka kidogo kwa sauti pale kidole kinapoongeza nguvu kunavumilika, hata kunapendeza. Kupasuka kwa kila noti kunaufumua msuko mzima. Kwa hiyo swali la kununua lilikuwa hili: ampli hii itabaki safi hadi sauti ya kiwango gani, ikiwa drams, tumba na shaba mbili, yaani tarumbeta na saksafoni, zinapigwa mita mbili kutoka ilipo?

## Machaguo yaliyokuwepo

La kwanza lilikuwa ampli ya wati 22 ya muundo wa Fender Deluxe Reverb ulioanza mwaka 1963: vali mbili za 6V6 mwishoni, zinazosukuma spika, rektifaya (kigeuzi cha umeme geu kuwa wa mkondo mmoja) ya vali ya GZ34, spika moja ya inchi 12, rivabu ya springi (mwangwi) na tremolo (sauti inayopanda na kushuka). Uzito ni kilo 19 hivi. Ilikuwa mpya, lakini iko Marekani, na imetengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde, ilhali wa hapa ni volti 230 na hezi 50.

La pili lilikuwa ampli ya mtumba ya wati 40 yenye vali mbili za 6L6 na spika moja ya inchi 12. Ilikuwa hapa hapa nchini na ya volti 230. Kapasita zake za kuchuja umeme zilikuwa zimechoka, zikihitaji kubadilishwa.

La tatu ni lile la muundo wa Twin Reverb: wati 85, 6L6 nne, spika mbili za inchi 12, na uzito unaokaribia kilo 30. Kwa sauti safi jukwaani ni vigumu kupata ampli inayoishinda. Kwa mtu anayesafiri na bajaji na kupandisha vyombo ngazi kwa mkono, ni mzigo wa kila siku.

Muundo wa Vox AC30 ulitajwa ukaachwa haraka. Vali zake nne za EL84 huendeshwa moto sana, sauti yake huanza kupasuka mapema, nayo ni nzito kuliko Twin.

Kati ya wanamuziki kulikuwa na usemi uliosukuma uamuzi: kwamba wati 22 za vali ni sawa na wati 100 za transista. Usemi huu unastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu umewagharimu wengi. Wati ni wati. Kinachotofautiana ni namna ampli inavyofika mwisho wa uwezo wake. Ya transista hukata ghafla na kukwaruza, kwa hiyo mpigaji hurudi nyuma mapema. Ya vali hupinda polepole, na mpiga roki anaweza kuisukuma kupita mpaka huku bado inasikika vizuri, ndiyo maana anaiona ina sauti kubwa. Mpiga dansi anayetaka sauti safi hafaidiki na eneo lile la kupinda.

Wati zikiongezeka mara mbili, kinachopatikana ni desibeli 3 tu. Kutoka wati 22 hadi 85 ni desibeli 6 kasoro, ilhali sikio huhitaji kama desibeli 10 ili liseme sauti imekuwa mara mbili. Ndiyo kusema tofauti ya ampli kubwa na ndogo ni ya nafasi: ni desibeli chache za juu ambazo noti iliyopigwa kwa nguvu inazihitaji ili isipasuke.

## Uamuzi wa kununua

Alinunua ya wati 22. Sababu zilikuwa nne: uzito, rivabu na tremolo za ndani, bei nzuri kwa kuwa ndugu yake alikuwa anarudi kutoka Marekani na angeibeba kama mzigo, na kwamba baa ina miksa na spika za ukumbi, kwa hiyo ampli ingewekewa maiki.

Fundi alishauri ya wati 40, hata kwa gharama ya kapasita mpya. Hoja yake ilikuwa kwamba ya kwanza ingeleta mambo mawili kwa mpigo: nafasi ndogo ya sauti safi na umeme usiolingana na wa hapa. Ushauri ulisikika, ila ukashindwa na hamu ya chombo kipya. Ampli ya aina ile ile ilijaribiwa nyumbani kwa rafiki, chumbani, volyumu kwenye 3, trebo 6, besi 6, rivabu 4. Ilisikika tamu sana. Hakukuwa na drams chumbani.

## Umeme kabla ya sauti

Ampli ilipofika, iliwashwa kwa transfoma ndogo ya kushusha volti 230 hadi 120, iliyoandikwa VA 100, yaani mzigo inaoweza kubeba, karibu sawa na wati 100. Jioni ya kwanza transfoma hiyo ilitoa harufu ya vanishi na kuzima. Ukifanya hesabu utaona kwa nini. Hita, yaani nyuzi zinazopasha vali joto, za 6V6 hunywa ampea 0.45 kila moja, za vali ndogo sita ampea 0.3 kila moja, zote kwa volti 6.3: hapo tayari ni wati 17. GZ34 peke yake ni volti 5 kwa ampea 1.9, karibu wati 10. Ukijumlisha mkondo wa vali za mwisho kwenye volti zaidi ya 400, na joto la transfoma yenyewe, unakaribia au kupita wati 100 ampli inaposukumwa. Ililetwa transfoma ya VA 500 yenye matoleo mawili, la volti 110 na la 120. VA 300 ingetosha. Kubwa zaidi hupata joto kidogo.

Onyo moja hapa. Kuna vigeuzi vyepesi vya wasafiri vinavyodai kushusha volti kwa ajili ya pasi na mashine za kukausha nywele. Hivyo hukatakata wimbi la umeme badala ya kulishusha, na ampli ya vali haipaswi kuchomekwa humo hata kwa dakika moja.

Tatizo la pili lilikuwa la hatari zaidi. Plagi ya Kimarekani yenye pini tatu ilikuwa imepachikwa kwenye adapta ya pini mbili, na waya wa ardhi ukaishia hewani. Mpigaji alipokaribia maiki kuitikia, midomo ilipigwa na shoti. Fundi aliweka mita kati ya nyuzi za gita na wavu wa maiki, ikasoma volti 70 za umeme geu. Maiki ilikuwa imeunganishwa na ardhi kupitia miksa, gita halikuwa na ardhi popote, na umeme mdogo unaovuja kutoka kwenye transfoma ulikuwa ukitafuta njia kupitia mwili wa mtu. Siku hiyo ulikuwa uvujaji tu. Insuleta ya ndani ikipasuka, njia ile ile hupitisha umeme wa kuua.

Fundi alikata plagi, akafunga waya wa nyuzi tatu, wa kijani na njano ukiunganishwa na bati la ampli upande mmoja na pini ya ardhi ya plagi kubwa ya pini tatu za mraba upande wa pili, ukipita moja kwa moja kwenye transfoma ya kushusha. Kisha ampli, miksa na ampli ya rizimu vyote vikachomekwa kwenye chanzo kimoja. Mita ikasoma chini ya volti 1. Wapo mafundi wanaokata waya wa ardhi ili kuondoa mvumo. Mvumo una tiba nyingine nyingi. Waya huo haukatwi.

Ndipo likaja suala la volti zenyewe. Transfoma ya kushusha hufuata chochote kinachoingia. Usiku wa manane mtandao wa umeme ulisoma 248, na toleo la 120 likatoa 129. Jenereta ya baa, friji zote zikiwa zimewaka, ilisoma 196, na ampli ikapata 102. Njia rahisi ya kujua vali zinapata nini ni kupima hita. Katika ampli za muundo huu taa ndogo ya mbele iko kwenye njia ile ile ya volti 6.3, kwa hiyo mita huwekwa kwenye miguu ya taa hiyo. Kiwango kinachokubalika ni asilimia 10 juu au chini: kutoka 5.7 hadi 6.9. Kwenye mtandao ilisoma 6.8, kwenye jenereta 5.4. Hita zikiwa baridi kiasi hicho huku vali zikifanyishwa kazi kwa muda mrefu, kathodi, sehemu ya vali inayopashwa na hita, huchakaa na sauti hulegea. Iliwekwa stebilaiza, yaani chombo cha kusawazisha volti, ya mota na ya VA 1000, kabla ya transfoma. Ile ya rilei ni rahisi zaidi kwa bei, lakini huruka kwa vishindo vinavyosikika kwenye spika.

Limebaki la hezi, ambalo wengi hawalitambui. Transfoma ya kushusha haibadilishi hezi. Transfoma ya ndani ya ampli iliyokusudiwa hezi 60 tu, ikipewa volti 120 kwa hezi 50, hubeba usumaku zaidi kwa asilimia 20 kwenye chuma chake. Hunguruma, na baada ya seti mbili haikushikika kwa kiganja. Fundi akahamia toleo la 110. Hapo usumaku unazidi kwa asilimia 10 tu. Hita zikasoma 5.8, ndani ya kiwango. Volti za pleti, yaani volti za juu za vali za mwisho, zikashuka kutoka 421 hadi 388. Nguvu iliyopotea ni wati tatu au nne, yaani chini ya desibeli moja. Transfoma ikaanza kushikika.

Baada ya hapo tu ndipo bayasi ilipopangwa, yaani mkondo unaopita kwenye vali za mwisho gita likiwa kimya. Mpangilio huu lazima uje mwisho, kwa sababu volti zikibadilika nao hubadilika. Kwa soketi ya kupimia, kila 6V6 iliwekwa kwenye miliampea 23. Mara 388 ni wati 8.9, karibu asilimia 64 ya wati 14 ambazo vali hiyo imekadiriwa kubeba. Asilimia 70 ndiyo dari ambayo mafundi wengi huiheshimu. Ukishusha sana, kwa mfano hadi miliampea 12, noti za taratibu huanza kukwaruza wimbi linapovuka kati ya vali moja na nyingine.

Kazi hii si ya mtu asiyezoea. Ndani kuna volti zaidi ya 400, na kapasita huzihifadhi hata waya ukiwa umechomolewa. Hutolewa kwa rezista ya kilo-omu 100 ya wati 5 iliyofungwa kwenye waya wenye klipu, kisha hupimwa kwa mita hadi zishuke chini ya volti 10. Fundi anayejua hufanya hivyo kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa mbali na bati. Na ampli ya vali haiwashwi kamwe bila spika, kwani transfoma ya kutolea sauti huungua.

## Kupanga sauti jukwaani

Umeme ulipotulia, mpangilio wa chumbani ukapelekwa jukwaani. Volyumu ilibidi ipande hadi 6. Noti za chini zikalegea, noti za juu zikachoma masikio ya meza za mbele, na katikati ya wimbo gita likapotea kabisa. Kiongozi wa bendi alisema, "Solo, vidole tunaviona, gita hatulisikii."

Sababu iko kwenye muundo wa ampli hizi. Saketi yake ya toni huchimba shimo kwenye masafa ya hezi 400 hadi 500, na kadiri trebo na besi zinavyopandishwa pamoja ndivyo shimo linavyozidi kina. Chumbani shimo hilo husikika kama utamu, kwa sababu hakuna kinachoshindana na gita. Jukwaani, masafa hayo ya kati ndiyo yanayolibeba gita kupita shaba na waimbaji. Muundo huu hauna nobu ya masafa ya kati, kwa hiyo njia pekee ya kuyainua ni kuyashusha yanayoyazunguka. Juu ya hilo, noti za besi hula wati nyingi kuliko noti za juu. Besi kwenye 6 ilikuwa inamaliza nguvu ya ampli kwa sauti ambazo gita la besi na tumba tayari wanazo.

Walianza upya: besi 2, trebo 4, rivabu 0, pedali zote zimezimwa. Mpiga drams akapiga kwa nguvu yake ya kawaida. Volyumu ikapandishwa polepole huku solo akipiga noti mbili pamoja kwa nguvu, maana noti mbili hufichua kupasuka mapema kuliko moja. Ilianza kupasuka kwenye 5, ikarudishwa 4 na nusu. Kisha besi ikaongezwa hadi 3.

Trebo haikupangwa na mpigaji akiwa amesimama alipozoea. Spika ya inchi 12 hurusha sauti za juu mbele yake kwa mstari mwembamba. Ampli ilikuwa sakafuni, ikimpiga magotini. Masikio yake yalipokea sauti butu, akaongeza trebo, na wateja wa mbele ndio walioipokea usoni. Ampli ilipandishwa juu ya kreti la soda na kulazwa nyuma kidogo ili spika itazame kichwa chake. Papo hapo akaomba trebo ipunguzwe. Kuinua ampli kutoka sakafuni hupunguza besi, ikabidi besi ipande hadi 3 na nusu.

Bado kulikuwa na ukali kwenye noti za nyuzi nyembamba. Kwenye chaneli yenye rivabu, muundo huu una kapasita ndogo ya pF 47 inayopitisha sauti za juu kando ya nobu ya volyumu. Volyumu ikiwa chini au kati, kapasita hiyo huzipa sauti za juu upendeleo mkubwa. Volyumu ikiwa juu kabisa haina kazi. Kwa mtu anayelazimika kubaki kwenye 4 ili awe safi, iko mahali pabaya. Fundi aliinua mguu wake mmoja kutoka kwenye risasi, akauacha umefunikwa na mpira ili uweze kurudishwa. Trebo ikakaa 5, na ukali ukaisha.

Kompresa ndiyo iliyoleta faida ambayo hakuna aliyeitarajia. Awali ilikuwa imewekwa ipokee mwanzo wa noti bila kuugusa, na sauti yake ya kutokea ikiwa juu. Kwa hiyo kilele cha kila noti kiliingia kwenye ampli kikiwa kikubwa kuliko kawaida, na hapo ndipo ilipopasukia. Iliwekwa ishike mwanzo wa noti haraka, na sauti ya kutokea ilingane na pale pedali inapozimwa. Vilele vikashuka, wastani ukabaki. Volyumu ikapanda hadi 5 na nusu bila kupasuka.

Ilijaribiwa pia vali ya 5751 badala ya 12AX7 kwenye mwanzo wa chaneli. 12AX7 hukuza kwa kiwango cha 100, 5751 kwa 70. Matokeo yake yafahamike vizuri: kupasuka kulisogea kutoka 5 na nusu hadi 6 na kitu kwenye nobu, lakini sauti iliyopimika masikioni pale ilipoanza kupasuka haikuongezeka. Zinazofika mwisho wa uwezo wake ni 6V6, na vali ya mwanzo haiwezi kuzipa wati. Ilibaki ndani kwa sababu moja tu: nobu imekuwa rahisi kupangwa kwa usahihi.

Kilichoongeza sauti kweli ni spika. Ya awali ilikuwa ya desibeli 97 kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Iliwekwa nyingine ya desibeli 100, omu 8 zile zile, yenye uwezo wa wati 60. Desibeli 3 hizo ni sawa na kuifanya ampli ya wati 22 kuwa ya 44, kwa bei iliyo mbali sana na ya ampli mpya.

Mwisho maiki, ya dinamiki, iliwekwa sentimita 5 kutoka kwenye kitambaa cha spika, ikielekea kati ya kitovu cha spika na ukingo wake. Kwenye kitovu sauti hukwaruza, ukingoni hufifia. Rivabu iliwekwa 2 baada ya kila kitu, kwa kuwa bustani haina mwangwi wake. Kwenye kumbi za kuta tupu hushushwa hadi 1.

## Harusi ya uwanjani

Majaribio halisi yalikuja kwenye harusi ya nje isiyo na paa wala ukuta nyuma ya jukwaa. Spika zilizokodishwa zilitosha waimbaji tu, na solo ilipiga bila maiki. Kwa kukosa ukuta wa kurudisha sauti, mpigaji alipandisha volyumu hadi 8. Kila noti ikapasuka, rizimu akapandisha naye, na msuko ukafumuka kwa seti nzima. Seti ya pili waliomba chaneli moja ya miksa ya waimbaji, wakaweka maiki kwenye ampli na kurudisha volyumu 5 na nusu. Hali iliboreka, ingawa waimbaji walipunguziwa nafasi.

## Matokeo

Kwenye baa, solo sasa inasikika safi hadi meza za mwisho, na mpangilio unaoanza kila jioni ni volyumu 6, trebo 5, besi 3 na nusu, rivabu 2. Shoti haijarudi. Kwenye harusi za nje zisizo na chaneli ya gita, bendi hukodi ampli kubwa. Kwenye kasha la nyaya kuna 6V6 mbili zilizolinganishwa, 12AX7 moja na fyuzi za kiwango kilichoandikwa nyuma ya ampli. Baada ya kuzima, ampli huachwa ipoe dakika kumi kabla ya kupakiwa kwenye bajaji, kwa kuwa vali zikiwa moto hustahimili mtikisiko vibaya. Kwa sababu ya chumvi ya hewa ya pwani, miguu ya vali husafishwa kwa dawa ya kusafishia viunganishi mara mikwaruzo inapoanza.

## Uchambuzi

Kosa kubwa lilikuwa kujaribu chumbani. Ampli ingebebwa kwenda mazoezini kwa saa moja, drams zikiwepo, mpigaji angejua kwamba inaanza kupasuka kwenye 5 ilhali bendi inadai 6. Pengine angeinunua vilevile, lakini angenunua na spika ya pili siku hiyo hiyo.

Ushauri wa fundi ulikuwa sahihi kwa mtu anayepiga solo safi bila uhakika wa maiki. Ukijumlisha transfoma ya VA 500, stebilaiza na spika mpya, gharama ilipita ile ya ampli ya wati 40 pamoja na kapasita zake. Upande wa pili, hoja ya uzito haikuwa ya uvivu: bendi hii haina gari, na chombo kisichobebeka huishia kuachwa ukumbini kwenye unyevu na wizi.

Kilichofanyika vizuri kuliko vyote ni mfuatano wa fundi. Alianza na waya wa ardhi, akaenda kwenye volti, hezi, bayasi, ndipo akagusa toni. Angeanza na toni, kila alichokipanga saa mbili usiku kwenye jenereta kingebadilika saa sita kwenye mtandao, na wangebadilisha vali bure. Kubadilisha vali ndilo jambo ambalo wapigaji hulikimbilia kwanza. Hapa lilitoa faida ndogo kuliko kreti la soda.

Suala la hezi halijaisha. Usumaku unaozidi kwa asilimia 10 unavumilika lakini unafupisha maisha ya chuma na vanishi, na stebilaiza ikifa usiku mmoja ampli itapokea chochote. Fundi ameagiza transfoma ya ndani ya kiwango cha nje ya Marekani, yenye nyuzi za kuingilia za volti 230 na iliyokadiriwa hezi 50 na 60, yenye matoleo yale yale ya volti 6.3, 5 na volti za juu. Ikifungwa, transfoma ya kushusha itaondoka, fyuzi itashushwa hadi nusu ya ampea za sasa kwa kuwa volti zitakuwa karibu mara mbili, na bayasi itapimwa upya kuanzia mwanzo. Stebilaiza itabaki.